Kondoo wa Mzee Haddou

...kwa hiyo mahitaji yanaporomoka na bei inayafuata, hilo ndilo alilokuwa akilisema Ustadhi Jaouad, au alidhani bado analisema, kumbe sauti imeshakatika na chaki imesimama katikati ya ubao, kwa sababu Itto wa dawati la tatu amesimama, Itto ambaye mwaka mzima hajasimama bila kuitwa, na alichokisema ni kitu kidogo tu, "Ustadhi, sisi kondoo wetu bado tunao," kisha, kwa sauti ileile ya kusoma zoezi, "Baba hakuuza. Nilimwambia ulivyosema"... ulivyosema, alisema nini? Asijifanye, anajua alichosema, ilikuwa Januari, theluji imejaa uwanjani, naye akaingia na kipande cha gazeti kama aingiavyo kila Alhamisi, maana yeye hafundishi uchumi wa kitabuni, yeye huwaletea wanafunzi habari zikiwa bado za moto, wenzake humtania kwamba mkoba wake umejaa magazeti kama wa muuza karanga, na gazeti la siku ile lilisema ukame umepunguza mifugo, akachora, ugavi umepungua, Idi iko palepale, kila nyumba lazima ipate kondoo, basi bei ni ya kupanda tu, na hapo ulimi wake unaopenda kuchekesha ukamponyoka, akasema yeye angekuwa na kondoo asingeuza hata mkia mpaka wiki ya Idi, darasa likacheka, Itto akaandika. Ndiyo, sasa anakumbuka vizuri, wote walicheka na yeye akaandika... halafu jana jioni likaja tangazo la Mfalme, mifugo imekwisha, Idi ya mwaka huu watu wasichinje, na Jaouad, ni aibu kusema, alifurahi, alikata gazeti asubuhi kwa mkasi wa jikoni kabla mkewe hajasoma ukurasa wa nyuma, maana somo kama hili halimjii mwalimu mara mbili, soko zima kunyang'anywa wanunuzi kwa jioni moja, alipanda ngazi za shule mbilimbili kama kijana, na katika furaha yote hiyo kondoo walikuwa wapi, ubaoni palikuwa na mistari miwili tu.

"Waandikishe shule, Itto, sasa wana muda," anasema Zouhir kule nyuma, wawili watatu wanacheka, kisha wananyamaza wenyewe, kwa sababu Itto hajageuka, anaendelea kueleza, na Jaouad anasikia nusu, nusu inampita, mfanyabiashara kutoka Casablanca alikuja na lori mwezi uleule, akanywa chai bilauri tatu, akawataka kondoo wote kumi na wanne, Baba akamrudisha mikono mitupu... shayiri ikapanda... ng'ombe wa Mama akauzwa ili kondoo wapate kula... ng'ombe wa mama yake, Mungu wangu, ng'ombe mwenyewe wa maziwa bila shaka, hawa watu wa milimani hawana wawili, lakini ule ulikuwa mfano tu, mfano wa darasani, na sharti alilitaja, mengine yote yakibaki yalivyo, alilitaja na kulipigia mstari, wamo humu waliolinakili, amwambie afungue daftari, aone... aone nini, mtoto angelibebaje sharti lile mpaka nyumbani, amwambie mfugaji aliyekaa miaka sita bila mvua ya maana kwamba mengine yote yatabaki yalivyo, si angechekwa, kwa hiyo alilidondosha njiani akafikisha lililofaa kufikishwa, kwamba Ustadhi amesema tusiuze.

"Soko ni kesho," anasema Itto. "Baba yuko hapo nje. Anauliza auze kesho au angoje."

Yuko kweli, dirishani anaonekana, ng'ambo ya lango, amechutama ukutani ndani ya jalaba, joho lake la sufu, kofia ya joho imemfunika mpaka machoni, hashiki simu, haongei na mtu, anangoja kama watu wangojavyo mlangoni kwa daktari... akiuza kesho, mlima mzima utakuwa umeshusha kondoo wake kesho, watakwenda kwa bei ya kutupa, akingoja, shayiri, na baada ya shayiri huenda harusi za kiangazi zikataka nyama, mifugo ni michache, huenda bei ikafufuka, na huenda isifufuke, anaweza kuchora mstari wa kupanda na anaweza kuchora wa kushuka, na mwanafunzi akimletea wowote kati ya hiyo miwili na hoja zake atampa alama kamili... na hapo, bila kuitwa, jioni moja ya Januari ileile inamjia, wiki ya somo lile, mkewe Ghizlane anapakua dengu na kumuuliza je, tununue kondoo wetu wa Idi mapema, tumweke kwa kaka yangu, wewe si ndiye mtu wa uchumi, naye akapuliza kijiko, akasema, "Sijui, Ghizlane. Tungoje tuone." Hivyo tu, wala hakuinua kichwa, wala halikumuuma. Kwa mfuko wake mwenyewe alijua kwamba hajui, kujua kote kulikuwa kwa ajili ya darasa, miaka kumi na tisa ameleta humu magazeti na hata siku moja hakuleta neno lile, sijui, na sasa aibu inampanda shingoni, moto, mbele ya watoto thelathini na nane.

"Ustadhi?"

Kule nje Mzee Haddou amemwona dirishani, anainuka, anairudisha kofia mgongoni, anaweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa, salamu anayopewa mtu mwenye elimu, na Jaouad anainama naye kidogo, chaki bado mkononi, mstari bado umekatikia katikati, Itto bado amesimama, hakuna aliyesogea... itabidi ashuke, avuke barabara, akamwambie mzee huyo kwa kinywa chake kwamba hajui, wala Januari hakujua, na safari hii asimtume mtoto.