Pale Santuri Inaporuka

Kila Jumapili baada ya ibada, Yustasi alitoa gramafoni yake ya betri barazani, na nusu ya kitongoji ikaja kusikiliza. Santuri ilikuwa moja tu, lakini ilitosha: nyimbo zote zilizompa jina mzungu mmoja mwenye sauti laini, zimekusanywa pamoja, naye mwenyewe kwenye jalada na tai yake, anatabasamu kama bwana harusi. Maneno hakuna aliyeyaelewa. Kwenye wimbo wa tatu, mzungu akianza kuvuta sauti, sindano iliruka kwa sababu ya mkwaruzo, mstari mzima ukapotea. “Amemeza mate,” watu wa Nkwenda walisema, wakacheka.

Yustasi alisema aliinunua Uganda, alikokwenda kutafuta ng’ombe. Uongo ukiusema mara nyingi, unazoea kukaa nao nyumba moja.

Mwaka wa themanini na tatu, mkewe Eseri alileta kibarua wa kupalilia migomba, mmoja wa wale waliofukuzwa Uganda, ng’ambo ya mto, mwaka uliotangulia. Aliitwa Mukamusoni. Jina lilimshtua Yustasi, akajituliza kwamba akina Mukamusoni ni wengi.

Siku ya pili alimsikia shambani akiimba wimbo wa tatu. Ilikuwa Jumanne, gramafoni imo sandukuni, na yule mama hajawahi kuisikia hapo. Alipofika pa kuvuta sauti, akaruka mstari uleule. Aliruka palepale, bila kusita, maana wimbo aliokuwa nao kichwani ndivyo ulivyokuwa.

Jumapili ile Yustasi alisingizia betri. Eseri akanunua nyingine, mumewe akasingizia kichwa. Kila asubuhi Mukamusoni alimwinamia, “Shikamoo, mzee,” na ile marahaba ilimchoma ulimi. Aliona aibu mpaka akaichukia sura yake mwenyewe.

Mwishowe aliibeba santuri mpaka migombani.

“Ni yako, mama. Sikuinunua. Niliingia kwenu mlango ukiwa wazi, nikaichukua na gramafoni yake.”

Mukamusoni aliitazama, hakuigusa. “Ilikuwa mezani?”

“Mezani. Ilikuwa inaimba.”

Jembe lilimponyoka. “Inaimba? Sisi tuliondoka alfajiri, mzee. Aliyebaki ni mume wangu, Karekezi. Mguu wake ulikuwa mbovu, akaniambia nitangulie na watoto. Hadi leo hatujui kilichompata.”

Hapo Yustasi angeweza kunyamaza. Alikwishanyamaza mwaka mzima, na kunyamaza alikujua.

“Alikuwa chumba cha ndani,” alisema. “Nilipoinua sindano, muziki ukakatika, akaita. Aliita, ‘Mukamusoni, umerudi?’”

“Ukamjibu nini?”

“Sikumjibu. Nilibeba vitu, nikatoka.”

Mukamusoni aliketi kwenye majani makavu ya migomba, akaipakata santuri, akawa anapitisha kidole juu ya ule mkwaruzo.

“Basi alidhani nimerudi,” alisema, “nikachukua gramafoni, nikamwacha.”