Kila Mtu na Ufunguo Wake

Asubuhi hiyo Lornah alikuwa anapiga deki nyumba yake mpya pale Mamboleo. Akaweka pazia, akapika chai. Bwana yake, Absalom, alikuwa amebaki kijijini kwao Pap Onditi kuuza shamba ya babake, makaburi na yote, ndio wamalizie kulipia hiyo nyumba.

Jirani alikuwa amewaambia watafute ajenti mwenye ofisi na leseni. Lakini huyu Opiyo aliyewauzia alikaa chini na Absalom wakaulizana ukoo, ikaonekana mamake Opiyo alizaliwa boma moja na nyanyake Absalom. Sasa mtoto wa nyumbani utamwuliza leseni? Hata kwenda ofisi ya ardhi kuulizia hiyo ploti ni ya nani waliona ni kumtukana.

Giza ikianza kuingia, mtu alifungua mlango na ufunguo wake. Ilikuwa Mzee Mureithi, aliyekuwa na duka ya vitambaa mjini, na ambaye alizikwa mwaka wa themanini na nne. Nyuma yake Gakenia, bibi yake, marehemu pia, amebeba kikapu ya viazi. Walivua viatu mlangoni. Lornah akaongeza maji kwa chai.

"Mama, wewe ulinunua kwa nani?" Mureithi aliuliza.

"Opiyo."

"Yule mpole?"

"Huyo huyo."

Gakenia alianza kumenya viazi. "Mimi alikuwa ananiita auntie," akasema. "Na mimi ni mtu wa Nyeri, hata kabila si moja."

Wakacheka kidogo. Akaingia Nelima, aliyekuwa mwalimu, na yeye na ufunguo wake. Kitasa haikukataa mtu. Nelima alisema aliuza kwao yote ndio anunue hapa, halafu akafukuzwa hapa na mwenye nyumba wa kweli.

"Ukishauza kwenu, ukikufa hakuna mahali utarudi," akamwambia Lornah, akipuliza chai. "Ndio tunarudi hapa. Bwana yako ameshauza?"

"Bado. Anauza kesho."

Kulipokucha Lornah alienda posta, akatuma telegramu: USIUZE SHAMBA. NGOJA. Akirudi alimkuta Opiyo nje ya geti, anaonyesha bwana na bibi wengine hiyo nyumba. Opiyo alimsalimia vizuri sana, akauliza kama Absalom ako salama.

Jioni walikuja tena. Gakenia alipakua viazi, akaweka sahani ya Lornah, na kando yake nyingine, akaifunika isipoe. "Hii ni ya bwana yako," akasema. Pap Onditi haikuwa imejibu.