Mtu wa Mia Moja

Mlimani juu ya Adumi, upande wa kuelekea Kongo, ukitaka kumwita jirani yako lazima uvute pumzi kwanza. Nyumba kumi na tisa tu, na kati ya nyumba na nyumba ni mawe, majani makavu na upepo usio na adabu. Mtu wa huko akishuka sokoni Arua, watu wa Oli, mtaa wa mjini hapo, humtania: "Kumbe huko juu iko watu?"

Utani huo uligeuka balaa mwaka wa sabini na sita. Wilaya ilipata mashine ya kuchimba visima vya pampu, ikatoa amri: penye watu mia moja patachimbwa, pasipofika mia mashine inakwenda kwingine. Na maji ya mlimani yako bondeni, saa nzima kushuka, na kupanda na mtungi kichwani usiulize. Kitinda mimba wa Ayikoru, mama mmoja wa huko, alikuwa anaharisha wiki ya tatu kwa maji hayo hayo.

Taabu ni kwamba watu wa mlimani hawakubali kuhesabiwa. Kutaja idadi ya watoto wako kwa sauti ni kukiita kifo kije kuchagua. Mwenye watoto tisa atakuambia, "Tuko tuko tu." Drateru, mjane mwenye ulimi usiolala, ndiye aliyeamua kupigana na mila hiyo. Mwezi mzima alizunguka mlango kwa mlango. "Kuhesabu munaogopa, na kuhara hamuogopi?" Walimtukana, wakamcheka, mwisho wakakubali. Wa kwanza kukubali alikuwa Ayikoru, jirani yake.

Lakini Drateru naye alikuwa na lake. Mwanawe mkubwa, Lino, alikuwa amejificha kwake, katika kijumba cha nyuma, kati ya magunia ya muhogo. Alitoroka jeshini baada ya wenzake watatu kuitwa mmoja mmoja na kutorudi. Kukamatwa kwake kungekuwa kufa, na mama alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Majirani, alivyodhani yeye, waliamini Lino bado yuko kambini.

Karani aliyekuja kuhesabu aliitwa Celestino, kijana wa Koboko mwenye viatu vya mjini. Alipita nyumba kumi na nane, kundi la watu likimfuata, akamalizia kwa Drateru.

"Mama, kwako iko watu ngapi?"

"Iko tano."

Celestino akajumlisha. Akajumlisha tena, polepole, kalamu ikigusa kila mstari. "Tisini na tisa," akasema.

Loh! Watu walishika vichwa. Mtu mmoja tu!

Celestino hakuwa mtu mbaya. Alikuna shingo, akamtazama Drateru. "Wote hapa wanakuita Mama Lino. Lino mwenyewe iko wapi?"

"Iko jeshini."

"Basi jina yake iko kwa kitabu ya kodi. Sema tu jana alilala hapa, mimi naandika, kisima inakuja. Nani atapanda huku kuuliza?"

"Sema, Mama Lino!" watu wakapaza sauti. "Neno moja tu!"

Wao walikuwa wanamwomba uongo, kumbe ulikuwa ndio ukweli wenyewe. Drateru aliwaza orodha ile ikifika ofisini Arua, ambako askari hunywa chai na makarani.

"Mimi sisemi uongo," akajibu.

Mzee Jale akatema mate chini. "Wewe ndiye umetutajisha idadi ya watoto wetu, leo unajifanya padri?"

Karani akafunga daftari lake, akasikitika kidogo, akateremka. Mashine itakwenda kwingine. Watu nao wakatawanyika, kila mmoja akimwachia Drateru neno lake, na hakuna neno lililokuwa tamu.

Ayikoru peke yake alibaki, mtoto mgonjwa mgongoni. Asubuhi yote hakusema kitu. Drateru alishindwa kumtazama usoni.

"Dada, unisamehe," akasema.

Ayikoru akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Mwambie Lino akikohoa aweke nguo mdomoni. Upepo ukitoka kwako, namsikia mpaka jikoni kwangu."

Drateru akageuka kutazama kijumba cha nyuma. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Na leo umenyamaza? Na mtoto wako hivi?"

"Wangu anaharisha. Wako watamuua."

Drateru akaangua kilio, kilio cha mtu mzima kisichochagua mahali. Ayikoru alimwacha alie mpaka atosheke.

"Kuanzia leo maji yako nitateka mimi," Drateru akasema alipopata sauti. "Kila siku. Mpaka nizeeke."

"Sitakataa," Ayikoru akajibu. "Mtungi uko mlangoni. Anza sasa, jua halikungoji."