Rubani Mwenye Kiko

Jumanne ile Clifford Ormerod alikuwa na kazi moja tu: aoneshe kwa kidole mchoro wake. Jumba dogo la makumbusho, hapo hapo mkoani Lancashire alikozeekea, liliamua kuunda kwa mbao moja ya ndege za kivita za kiwanda cha pale zilizoishia kwenye michoro bila kuundwa, na kibao chake kibebe jina la aliyeibuni. Kwa miaka hamsini na saba Clifford alimwambia kila mwenye masikio kwamba aliyeibuni ni yeye, na kwamba Wilf Catlow, mwenzake wa meza moja katika ofisi ya michoro ya kiwanda hicho, alimwibia. Catlow alizikwa Februari. Clifford hakwenda mazikoni, na wala hakujutia.

Bernice Haworth, mama aliyefanya kazi ya kujitolea pale makumbusho, alimtandazia michoro kumi na minne, akaiweka chai mbali isije ikamwagika.

Clifford akatazama hadi kichwa kikamzunguka. Ndege hii ilikuwa na injini mbili, ile moja. Ya sita ilikuwa ya tatu iliyonenepa. Ya tisa ilikuwa ya sita iliyokatwa mkia. Kila mara wizara iliyoziagiza ilipobadili nia, nao walibadili ndege, na hakuna hata moja iliyoonja msumari. Kwenye kona, nusu ya michoro ilikuwa na herufi za mwanzo za jina lake, nusu za Catlow. Ipi ilizaa ipi? Hakujua, na aibu ikamshika.

Akakumbuka. Akamwambia Bernice amtafute rubani mwenye kiko mdomoni. Kila ndege ilichorwa na rubani kitini, watu waone ukubwa wake, na wa kwake alimpa kiko cha marehemu baba yake.

Bernice akapitisha kioo cha kukuzia, mchoro mmoja baada ya mwingine.

“Bwana Ormerod, wote wana kiko.”

Clifford akacheka. Wangekikosaje? Pale ofisini hakuna aliyepoteza muda kuchora rubani mpya. Ulitandika karatasi juu ya mchoro wa jana, ukamnakili yule yule, ukabadili mabawa. Basi aliyemchora rubani yule kwanza ndiye mwenye ndege. Wakaipanga michoro kwa tarehe. Wake wa mwanzo ulikuwa wa Machi. Wa Catlow ulikuwa wa Novemba, miezi minne kabla, na rubani alikuwa ameketi humo na kiko chake.

“Huenda tarehe imekosewa,” alisema Bernice kwa upole. “Baba yako alikuwa akivuta kiko sana?”

“Sana,” alijibu Clifford, akaanza kumtafuta baba yake akilini. Alimwona jikoni akisokota sigara. Akamwona tena jikoni, na sigara tena. Mzee mwenye kiko alikuwa yule aliyesimama getini mwa kiwanda kila Ijumaa saa kumi na moja jioni, akimsubiri mwanawe, Wilf. Clifford alikuwa akimpungia mkono, kisha anakwenda zake kupanda basi peke yake.

Bernice alikuwa ameshika kalamu juu ya fomu. “Niandike jina gani?”

“Andika Catlow.” Chai ilikuwa imepoa, akainywa hivyo hivyo. “Halafu, mama, nielekeze alikozikwa.”