Nguzo Haijibu

Gundi ilikataa kushika. Mzamiaji alikuwa ameilaza suti yake ya mpira magotini kama mtoto anayenyolewa, akikandamiza kiraka cha mpira wa baiskeli kwenye kiwiko, na kila alipoinua kidole kiraka kiliinuka nacho. Shemeji yake alisimama mlangoni akimtazama. Miaka yote ya kazi yao, huyu ndiye aliyekuwa mshika kamba: mmoja chini ya maji ya bwawa, mwingine juu ya gati, kamba katikati yao. Sasa hakuwa na kazi. Mikono yake mipana yenye sugu ilikuwa mifukoni, haijui pa kwenda.

"Huendi," alisema.

"Karibu ndani kwanza, shemeji. Siku hizi salamu zinalipiwa?"

"Salamu baadaye. Dada ameniambia. Huendi peke yako."

Dada yake, mke wa mzamiaji, alikuwa kwenye kona akinyonyesha, uso kaugeuzia ukutani. Yake yote alikwisha kuyasema usiku.

"Kibao cha uzinduzi kimezama," mzamiaji alisema. "Boti iliyumba, vibarua wakakiachia. Mgeni rasmi anakuja mchana kukifunua, na jina lake ndilo limechongwa pale. Meneja kasema nikikipata nabaki kazini. Nisipokipata nikufuate kijiweni."

"Basi njoo kijiweni. Nimekuwekea nafasi kwenye gogo."

"Na hawa umewawekea?" Alinyoosha kidevu kuelekea kona.

Mshika kamba akaitoa mikono mifukoni, akairudisha.

Kosa lake lilikuwa kukaa. Wataalamu wa kubana matumizi walipita gatini siku moja na miwani yao ya jua, wakamkuta ameketi, kamba kiganjani, macho majini. Wakamuuliza anafanya kazi gani. "Nashika kamba," akasema, wala hakuwatazama, kwa kuwa mtu wake alikuwa chini. Wakatazamana. Mmoja akaigonga nguzo ya chuma kwa kalamu: "Na hii haiwezi kushika?" Meneja akaangua kicheko. "Tena haiombi likizo!" Kabla wiki haijaisha, kamba ilikuwa imefungwa kwenye nguzo na mshika kamba amefungiwa nje ya geti.

Hakuna aliyeuliza kamba inasema nini. Maji ya bwawa lile yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Chini huko mzamiaji hakuona hata kiganja chake. Ilikuwako miti iliyozamishwa bwawa lilipojazwa, bado imesimama wima, matawi yakingoja cha kunasa. Kamba ndiyo iliyokuwa macho. Akivuta mara moja: nipo salama. Wa juu naye anajibu mara moja: nipo. Mara mbili: teremsha kamba ya mzigo. Mara tatu: vuta.

"Kibao ni shaba tupu," mshika kamba alisema. "Hutaweza kupanda nacho. Na kamba ya mzigo hakuna wa kukuteremshia. Kwa hiyo nisikilize. Usijifungue. Hata ukikikanyaga, usijifungue kamba kiunoni. Kiache, upande, uwaambie hukukiona."

"Sawa, mama mkwe."

"Natania, mimi?"

"Hutanii." Mzamiaji akasimama, akaikunja suti na kiraka chake kinachopepea. "Ndiyo maana natania mimi."

Mke wake akageuka hatimaye. Alimtazama mumewe, kisha kaka yake. "Mshikie," alisema, kana kwamba geti lilikuwa wazi.

Halikuwa wazi. "Kaka, nikikufungulia nami kesho niko nje," mlinzi alimwambia mshika kamba. Walikuwa wamekunywa chai kikombe kimoja, watu hawa. "Tazamia hapo hapo."

Akatazamia hapo hapo, vidole vimepita kwenye matundu ya uzio wa waya. Turubai lilikuwa limesimamishwa, viti vimevishwa vitambaa vyeupe. Mzamiaji akaingia majini bila kugeuka nyuma. Mapovu yakapasuka karibu na gati.

Kamba ikacheza mara moja.

Nguzo haikujibu. Mkono wa mshika kamba ulivuta waya wa uzio wenyewe, mara moja, bila yeye kuuamuru.

Kamba ikacheza tena mara moja. Ikatulia. Halafu mara mbili.

"Kamba ya mzigo!" alipiga kelele. "Hiyo hapo chini ya nguzo! Mteremshieni!"

Meneja aligeuka, mkono kwenye tai. "Nani huyo? Mlinzi, mnyamazishe. Wageni wako njiani."

"Kaka, tafadhali," mlinzi alinong'ona.

Mara mbili. Baadaye tena, mara mbili. Kisha kimya kirefu, kamba imelegea juu ya maji kama uzi uliotoka sindanoni. Mshika kamba alijua mikono ya shemeji yake inafanya nini gizani mule, fundo gani inalifungua kiunoni na wapi inalifunga tena, maana fundo lile alimfundisha mwenyewe.

Mara tatu.

"Amekipata! Vuteni!" meneja alisema, alipoiona kamba ikiruka.

Vibarua wakavuta. Kibao kikatoka kikichuruzika tope, fundo zuri limekikaba katikati. Watu wakapiga makofi. Wakakifuta kwa kitambaa cha kiti, jina likang'aa, herufi zake kubwa kuliko neno *maji* lililokuwa chini yake.

"Na yeye?" kibarua mmoja aliuliza.

"Atatoka. Si ana mtungi wa hewa? Ondoeni hiyo kamba, wageni watajikwaa."

Mapovu yalikuwa yamehama. Hayakuwa gatini tena. Yalikuwa yakienda upande wa miti, kidogo huku, kidogo kule, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango.

"Mrudishieni kamba! Mtupieni kamba!"

Wakashusha pazia la turubai ili wageni wasipigwe jua, na bwawa likapotea nyuma yake. Kibarua alipita karibu na uzio akielekea stoo, kamba iliyolowa imekunjwa vizuri begani, ikidondosha maji.

Mshika kamba akaushika waya, akauvuta mara moja. Akangoja.