Rangi ya Kijani Juu ya Nati

Marehemu mume wangu, Wasike, alikuwa akizika beringi ndani ya chungu pamoja na makaa ya mifupa, anakandika udongo, anachoma mchana kutwa. Chuma laini kinatoka kigumu ngozi yote, moyo ukibaki laini. Amekufa, na Bwana Tranter, mkubwa wake wa hapa Nakuru, ana hati ya serikali ya 1953 kwamba aliyebuni ni yeye. Sasa ametushtaki mimi na fundi Owino tuzime tanuru.

Jaji akaniambia, "Mama, mwenye hati ameleta hati. Wewe unasema mumeo alitangulia. Basi thibitisha."

Kwa shahidi gani? Kwetu mfua chuma hatazamwi akiwa kazini. Hata mimi niliacha mifupa mlangoni nikaenda zangu. Ningejua, ningechungulia, Mungu anisamehe.

Owino akaruka. "Mashine ya kusaga posho ya kanisa, Lanet! Wasike aliitia beringi Pasaka ya 1951. Naenda kuifungua."

"Usiiguse."

"Mama Nasimiyu, jaji anataka kitu mkononi!"

"Ukikileta, watasema umekitia jana. Weka spana chini."

Siku tatu nimekaa kando ya mashine ile na Biblia yangu. Spana zimekuja nne, moja ya mzee wa kanisa, zote za kunisaidia! Jepkoech, aliyekuja na debe la mahindi, akacheka. "Mama, unalalia mayai?"

"Nalinda kesi yangu na watu wanaonipenda."

Siku ya nne akafika karani wa mahakama, kama nilivyomwomba jaji, pamoja na wakili wa Tranter.

"Nani alipaka rangi hii?" karani akauliza.

"Soma ubavuni, bwana."

Akasoma: Rangi hii ni zawadi ya Tranter, Krismasi 1952. Rangi ya kijani ilikuwa imemwagikia nati zote za kifuniko cha beringi ikakauka. Karani akapitisha ukucha. Hapakuwa na ufa hata mmoja.

"Sasa, Owino," nikasema. Rangi ikapasuka mbele ya macho yao. Beringi ikavunjwa kwa nyundo: ukingo mweupe, moyo wa kijivu, vile vile hati inavyoeleza. Wakili akafunga mkoba.

Ijumaa jaji akaifuta hati.

"Na mahindi yangu?" Jepkoech akauliza. "Mashine haina beringi!"

Nikamwambia Owino awashe tanuru. Mifupa nilileta mwenyewe, na safari hii sikuondoka mlangoni.