Jina la Ukutani

Nilimwibia mdogo wangu jina, ndiyo, Mungu anajua na marehemu mama alijua, na sasa huyu Fermín yuko juu ya ngazi, brashi inadondosha rangi ya bluu kwenye kiatu changu cha kanisani, ananiuliza mara ya tatu, "Mzee, niandike Ramiro peke yake au na jina la ukoo?" andika Mwizi, nataka kumwambia, uwanja huu wa besiboli uzinduliwe kwa jina hilo saa kumi, lakini nafuta kiatu, na wale wa spika wanajaribu moja-mbili, moja-mbili, kama vile hakuna tatu duniani, na mke wangu Nereyda kwenye kiti cha plastiki anajipepea kwa karatasi ya misa, "Ramiro, mjibu mtu, jua linamchoma!" miaka thelathini na minane Ramiro, mezani Ramiro, mbele ya padri Ramiro, na mimi ni Eugenio, ee Bwana, Eugenio tu... nilikuwa na miaka ishirini, yule Mmarekani wa kusaka wachezaji akanitazama nikirusha mpira, akasema mkono mzuri, umri mbaya, ungekuwa na kumi na saba ningekuchukua leo, na nyumbani Ramiro alikuwa na kumi na saba kamili, cheti chake cha kuzaliwa kimelala ndani ya Biblia ya mama, "Chukua, kaka," akasema huku anatafuna ndizi ya kukaanga, "ukimaliza utanirudishia," kama vile ni koti, mjinga yule, kama vile ni koti! na mwenye mkono alikuwa yeye, si mimi, mpira wake ulivuma, glovu ya mdakaji ililia kama mlango uliobamizwa, lakini mwaka uliofuata alipojipeleka, karatasi alizokuwa nazo ni zangu, ishirini na moja, wakamcheka, "Babu, nenda kakate miwa," na akaenda kukata miwa, nami misimu kumi na mmoja huko Marekani kila mtangazaji alipopaza Ramirooo nilivua kofia, nikafanya ishara ya msalaba, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la mdogo wangu... "Au umesahau unavyoitwa?" Fermín huyo, na watu wanacheka, hata Nereyda anacheka, cheka mama, cheka, hujui umeolewa na nani... bega lilipokufa magazeti yakashangaa, thelathini na moja tu na kachoka hivi, nilikuwa na thelathini na nne, na alipokufa yeye fundi wa makaburi akafuata karatasi, akachonga Eugenio kwenye marumaru niliyoinunua mimi, nikasimama pale nasoma jina langu, mama akanishika mkono wa shati, "Funga mdomo, mwanangu," nami nikafunga, nikafunga vizuri kuliko nilivyowahi kurusha mpira, moja-mbili, moja-mbili, yaani hawa hawachoki? na ile R aliyoichora Fermín kwa penseli ukutani, kubwa kama mlango, ni yake, haikuwa yangu hata siku moja, na yeye amelala chini ya jina langu miaka kumi na sita, hajarudishiwa koti... "Mzee, mkono unaniuma huku juu!" Fermín mwanangu, shuka, acha ukuta hivyo hivyo, beba rangi yako twende makaburini kwanza, na wewe Nereyda simama uje, kuna jina langu kule, naomba mnisaidie kulifuta.